Nilifika Makumbusho Nikitokea kwa Programu za Mazishi

(Hii ni hotuba niliyowapa wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu. Nimeiandika karibu vile nilivyoisema, nimeondoa tu pale maiki ilipokataa.)

Walimu wetu, wazazi mliofika, na nyinyi wadogo zangu mliojaa hapa ndani kwa sababu mmesikia kuna soda baadaye, habari zenu.

Mwalimu aliyenialika alinipigia simu akasema tuna siku ya kazi, nesi anakuja, mtu wa benki anakuja, injinia wa barabara anakuja, sasa wewe tukuandike nani? Nikamwambia niandike mbunifu wa maonyesho ya makumbusho. Akanyamaza, halafu akauliza kwa upole kabisa, na hiyo inalipa? Nitafika kwa malipo, msijali. Mama yangu mwenyewe akiulizwa na watu wa kanisa mimi hufanya nini husema "ako na mambo ya zamani", na siku akiwa na haraka anasema niko serikalini, hiyo inamaliza maswali.

Wengi wenu mlipelekwa Kisumu Museum mkiwa shule ya msingi, si ni kweli? Pale barabara ya Nairobi. Imekuwa pale tangu 1980. Mkaona samaki wa ziwa kwa tangi, mkaona yule simba anaangusha nyumbu, mkatoka nje mkaingia kwa boma la Kiluo, mkaenda kwa nyoka, na nikiwauliza leo mnakumbuka nini mtasema nyoka. Sawa. Lakini kuna mtu aliketi chini akaamua simba aangaliwe kutoka upande gani, kioo kianzie wapi, maandishi yawe marefu kiasi gani, watoto arobaini wakiingia mara moja na mwalimu mmoja wapite wapi wasisukumane. Yote yaliyo katikati ya kile kitu na macho yako, kuna mtu aliyafikiria, ama hakuyafikiria na utajua tu. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Na mimi sikuisomea. Baada ya fomu foo nilifanya ile kozi ya kompyuta ambayo kila mtu alikuwa anafanya, nikapata kazi kwa saiba, yaani duka la intaneti na kuchapisha, huku Kondele, na kama unajua saiba za Kondele unajua haziishi na intaneti, zinaishi na mazishi. Ikifika Alhamisi familia zinapanga foleni. Wanataka programu, wanataka bango la hema, wanataka picha kubwa ya marehemu ya kuweka kwa fremu, na ile karatasi ya mshale inayobandikwa kwa nguzo ya stima pale mnapokatia kuingia kijijini.

Sasa sikilizeni hiyo kazi ilivyo, kwa sababu mimi ndiyo naiita shule yangu. Familia inakuja na wasifu wa marehemu umeandikwa kwa mkono kurasa tisa, na programu nzima ni kurasa nane na nusu yake ni picha na nyimbo. Mjomba anataka kila shule aliyofundisha marehemu itajwe, wake wenza kila mmoja anaangalia picha yake imewekwa juu ama chini, kijana aliyetoka Nairobi anataka Kiingereza kitupu na nyanya anataka Dholuo, mwenyekiti wa kamati anataka jina lake liwe kubwa kidogo, na wewe umeshikilia mausi, saa ni tatu usiku, na lazima ukate. Unakata maisha ya mtu bila kumkosea mtu yeyote aliye hai. Baada ya hapo hakuna profesa ataniletea maandishi niogope kuyakata.

Na Jumamosi nilikuwa naenda hayo mazishi, mengine ni ya watu wetu, mengine nimealikwa tu, na kwa vile ni kazi ya mikono yangu nilikuwa nachungulia watu wanaisomaje. Mtu akipewa programu kwanza anajipepea nayo. Halafu anafungua picha. Akimaliza picha anasoma yale maneno madogo chini ya picha, kuona nani ni nani, kisha anatafuta jina lake ama la mzazi wake kwa ile orodha ya jamaa, akilipata ametulia, asipolipata utasikia. Ule wasifu mrefu wa katikati unasomwa na mtu mmoja tu, yule aliye kwa maiki. Wengine wote wanausikia. Na ile karatasi ya mshale inasomwa na mtu aliye nyuma ya bodaboda inayokimbia, kwa hivyo ukiweka zaidi ya jina na mshale umepoteza wageni.

Nikiwa hapo ndipo wakaja watu wa jumba dogo la makumbusho la jamii, huku upande wa ziwa, sitalitaja, na flashi mkononi, wanataka tuwachapie mabango ya ukutani. Nikafungua. Bango moja lilikuwa na maneno kama mia saba, Kiingereza cha chuo kikuu, herufi za ukubwa wa gazeti, kutoka juu ya dari mpaka karibu na sakafu. Mimi ningechapisha tu nikapokea pesa, lakini mdomo wangu haukunyamaza, nikawauliza, hawa wageni wenu mkiwapa hii watakuwa wamekaa ama wamesimama? Wakaangaliana. Wamesimama. Na wamekuja na nani? Watoto wa shule, watu wa harusi wanaokuja kupiga picha, wazee siku mojamoja. Nikasema basi hii haitasomwa na mtu, hata aliyeandika hataisoma akiwa amesimama, mnipe mpaka kesho nijaribu kuikata. Wakanipa. Kesho yake wakarudi na wengine wawili, wakasoma wakiwa wamesimama pale pale kwa mlango wa saiba, matatu zinapiga honi nje, na mmoja wao akaniuliza kama ninaweza kwenda kuona vyumba vyenyewe. Hivyo tu. Hakuna barua niliyoandika, hakuna ndoto niliyoota.

Hii kazi, ukiikamua mpaka tone la mwisho, ni kazi ya watu waliosimama. Mwanafunzi darasani amekaa, mtu wa televisheni amekaa, hata wewe na simu yako umelala. Mtu wa makumbusho ako kwa miguu yake, amebeba mtoto ama mkoba, ana kiu, na anaweza kuondoka wakati wowote bila kukuaga. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba kuna bwana kule Boston, Marekani, Benjamin Ives Gilman, mwaka wa 1916 alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, na alichofanya ni kupiga picha za mtu mmoja akijaribu kuona vitu kwa makabati ya vioo na kujibu maswali kuhusu vitu hivyo. Kwenye hizo picha jamaa ameinama, amechuchumaa, amepinda shingo, anatafuta mwanga usiomulika kioo. Nilicheka peke yangu, kwa sababu zaidi ya miaka mia imepita na ukienda mahali pengi leo utamkuta huyo jamaa bado amechuchumaa.

Kwa hivyo tuna vipimo. Picha ya ukutani, katikati yake unaiweka karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, hapo mtu mzima anaangalia bila kukunja shingo. Lakini kama wageni wako wengi ni watoto wa gredi ya nne, unashusha, na unamfikiria mtu wa kiti cha magurudumu, kabati la mezani magoti yake yaingie chini. Maneno nayo, majumba mengi hujiwekea kikomo, lebo ya kitu kimoja kama maneno 50, bango la ukuta lisipite 150 hivi. Ukiwaambia wataalamu maneno 50 wanashika kichwa. Mimi huwaambia msinipunguzie elimu, nipunguzieni viungo vya sentensi. Na lugha zikiwa tatu, Kiingereza, Kiswahili na Dholuo, au Kikalenjin ukipanda kule Kericho, nafasi inaliwa mara tatu, hapo ndipo kukata kunakuwa kwa kweli. Mimi hupigania lugha ya mama iwe na herufi sawa na zingine, isiwekwe chini kwa italiki kama maji ya kunawa, na hilo nimegombania kwa mikutano mpaka wengine wananiona msumbufu.

Kabla ya kujenga chochote tunajenga kwa katoni. Hii si aibu, majumba makubwa ya dunia yanafanya hivyo. Unaenda dukani unaomba katoni za unga na za sabuni, unakata kabati la ukubwa kamili, unabandika karatasi ya maandishi kwa seloteipu, halafu unaita watu. Mama wa mboga, mlinzi, watoto wanaopita. Usiwaeleze chochote. Simama kando uone macho yanaenda wapi, mkono unagusa wapi, wanauliza nini. Ukisikia "hii ni nini?" na lebo iko hapo mbele yao, hiyo lebo imeshindwa, rudi nyumbani uiandike tena. Kuna mambo ya vitabuni pia, kwamba mtu akiingia ukumbini hugeuka kulia, imeandikwa huko Marekani tangu miaka ya 1930, lakini kwa macho yangu huku kwetu watu huenda mahali taa inawaka zaidi ama mahali kuna mtu mwingine anacheka.

Upande wa pili wa kazi ni kitu chenyewe, na huo sikuujua kabisa, nilifundishwa na kureta mmoja, yaani mtunzaji wa vitu vya makumbusho, mama mkali aliyenifanya nivae glavu wiki nzima kabla ya kunipa kikapu nishike. Hebu niwaambie jambo moja la mwanga. Mnakumbuka mabango ya kampeni ya 2022? Yale yaliyobaki kwa kuta na nguzo, angalieni sura za waheshimiwa zilivyogeuka samawati. Jua linakula wino mwekundu na wa manjano kwanza, samawati inabaki nyuma. Sasa hicho kinachompata mheshimiwa ukutani ndicho kinachoipata ngozi iliyopakwa rangi, kitambaa, manyoya, karatasi ya zamani, hata ndani ya nyumba, ila polepole, na hairudi. Kofia ya sherehe ya mzee wa Kiluo, ile ya manyoya ya mbuni na meno ya kiboko, ukiiweka karibu na dirisha ili ionekane vizuri unaiua. Kwa vitu kama hivyo tunaweka mwanga wa laksi 50 tu, laksi ni kipimo cha mwanga, na hiyo ni hafifu, ukiingia unadhani stima iko chini. Jiwe au chungu hakina shida sana na mwanga, na rangi ya mafuta hustahimili mpaka 200 hivi. Siku hizi hata simu yako ina programu ya kupima laksi, si sahihi kama mashine lakini inakuonyesha ni wapi umezidisha.

Halafu kuna hewa ndani ya kabati. Hapa naomba wanafunzi wa useremala waache kuongea kule nyuma. Ile silikoni ya kubandika vioo inayonuka siki, mnaijua? Ule ni asidi kweli, inatoka ikikauka, na ukifunga kabati mapema asidi inabaki ndani na kitu chako. Kuna aina nyingine isiyonuka siki, uliza hiyo, ni ghali kidogo. MDF nayo, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa na gundi, inatoa mvuke wake miezi na miezi, madini ya risasi yanapata unga mweupe, kwa hivyo ama huitumii ama unaifunika kabisa kwa karatasi maalum yenye foili. Wenzetu wa British Museum walianzisha jaribio mwaka wa 1973, linaitwa jaribio la Oddy: unachukua kipande cha mbao ama kitambaa unachotaka kutumia, unakifungia kwa chupa pamoja na vipande vitatu vidogo vya fedha, risasi na shaba na maji kidogo, unaweka kwa joto la digrii 60 siku 28, kisha unaangalia madini yamechafuka ama la. Yakichafuka, hiyo mbao haikai na urithi wa mtu.

Na wadudu. Kikapu kikitoka kijijini hakiingii ukumbini moja kwa moja, unakifunga kwa nailoni, unaondoa hewa, unakiweka kwa friza. Friza ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sufuri unaiacha wiki mbili hivi, ile ya nyuzi 30 chini ya sufuri siku tatu zinatosha. Mji huu umejaa friza za samaki, lakini jameni si ile yenye samaki ndani, kuna mtu aliwahi kunipigia kuuliza.

Mnaona vile hizi kazi zote ziko hapa mjini tayari? Mtu wa aluminiamu na vioo yuko, seremala wa Kibuye yuko, fundi wa stima, tela wa kushona nguo ya sanamu, mchoraji wa matatu anayejua rangi gani inavumilia jua la Kisumu kuliko mhitimu yeyote niliyewahi kukutana naye. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha pamoja na kuwaambia kwa nini sentimita tano zina maana. Na hii ya mtu kuingia kwa mlango wa nyuma si ya Kondele peke yake. Carl Akeley, yule Mmarekani aliyekuja huku kuwinda wanyama kwa ajili ya ule ukumbi wa wanyama wa Afrika ulioko New York, uliofunguliwa 1936 yeye akiwa ameshakufa miaka kumi, alianza kama fundi wa kujaza ngozi za wanyama. Alipokuwa Chicago, kuta za makumbusho zilikuwa zinabomoka, akaunda mashine ya kurusha saruji kwa hewa kuzirekebisha. Mashine hiyo ndiyo iliyozaa zile ambazo mainjinia wanatumia leo kwa mahandaki na madimbwi ya kuogelea. Imeanzia kwa mtu wa makumbusho. Na wetu Kamoya Kimeu alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, wale watafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, na 1984 ni yeye aliyeona kile kipande cha fuvu cha Kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale wa miaka kama milioni moja na nusu. Kuna nyani wa kale sana mwenye jina lake, Kamoyapithecus. Jicho lake ndilo lilimpandisha.

Sijui niseme nini kuhusu kila jumba la huku magharibi, ni mengi na soda inapata joto. Lakini mkipata nauli nendeni Kapenguria, ambapo jela waliyofungiwa na wakoloni wale sita wapigania uhuru, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Achieng' Oneko, ilifanywa makumbusho mwaka wa 1993. Ingia seli moja usimame. Chumba kama hicho hakihitaji mbunifu mjuaji, ukiongeza taa za rangi na muziki umekiharibu, na mimi naheshimu sana mtu aliyejua kuacha. Nakuru kuna Hyrax Hill, kuna mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe, na Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zisizo na saruji hata kijiko, zikaingia orodha ya urithi wa dunia 2018. Pale nje shida ni nyingine kabisa, bango gani litavumilia jua na mvua na mbuzi.

Sasa malipo, kwa sababu namwona mwalimu ananiangalia. Mshahara wa kudumu ni nafasi chache sana, wengi wetu tunaishi kwa kandarasi. Mradi unaingia, unakaa nao miezi, unaisha, halafu kuna kiangazi, na katika kiangazi mimi bado nachapisha programu za mazishi, sijaacha na siachi. Ukichukua kandarasi ya taasisi omba malipo ya kwanza kabla hujanunua kioo, mimi nimewahi kukaa mwaka mzima nikifuata hundi kwa ofisi moja na kila nikienda mtu wa fedha ameenda semina. Lakini kuna mlango wanasiasa hawajauzungumzia sana. Katiba ya 2010, jedwali la nne, imewapa kaunti kazi ya makumbusho, iko kwa orodha moja na leseni za pombe na kamari, someni wenyewe. Leseni za pombe kila kaunti ilizikumbuka haraka sana. Makumbusho nayo yatahitaji watu, na wale watu si wote watatoka Nairobi, kama kutakuwa na mtu wa Kisumu anayeweza kuleta mchoro na bei na katoni ya mfano siku ya mkutano.

Dada aliye pale kwa safu ya tatu aliinua mkono kitambo. Anauliza aanze na nini kama hana kompyuta. Anza na daftari, dada yangu. Nenda Kisumu Museum Jumamosi, lipa kiingilio cha mwananchi, kaa karibu na kabati moja tu saa nzima, andika kila mtu anayepita amesimama sekunde ngapi na amesema nini. Halafu andika lebo yako ya maneno 50 kwa kile kitu, kwa lugha mbili, uniletee pale Kondele, ulizia saiba ya mabango ya mazishi watakuonyesha. Nitaikata mbele yako.

Na kabla hamjakimbilia soda, nina tangazo. Natafuta fundi wa kukunja perspeksi, ile plastiki ngumu inayopenya mwanga kama kioo, kwa moto bila kuacha mapovu, nina kazi ya vishikio vya shanga na vyungu vidogo, na wale niliojaribu nao wote wanaharakisha moto. Kama kuna mwanafunzi hapa anaweza, ama mwalimu wa karakana anamjua mtu, nitakuwa pale nje karibu na ile Probox nyeupe, nimebeba kipande cha kufanyia majaribio.